Zuhura ni Moja

Naiusia nafsi yangu kabla sijawausia nyinyi: tumche Mola katika siri na katika dhahiri, kwani mwenye kunena ndiye wa kwanza kuulizwa juu ya alilolinena.

Sisi wa Karatu tumeneemeshwa mbingu. Mji wetu uko juu, hewa yake ni baridi na safi, na taa zetu bado hazijawa nyingi kiasi cha kuzifukuza nyota. Mwenye kutoka msikitini baada ya Maghribi akauelekeza uso wake upande wa mlima Oldeani, katika majira yake huiona Zuhura imetulia juu ya mgongo wa mlima, nyeupe, haimetimeti kama nyota, mpaka mgeni hudhani ni kurunzi ya mtu aliyechelewa kuteremka. Hukaa hapo magharibi miezi saba au minane, kisha siku moja unaitafuta huioni. Haukupita muda, madereva wa watalii wanaodamka ili wawe wa kwanza kwenye geti la hifadhi la Lodoare wanaikuta upande wa pili, juu ya Rhotia, ikilitangulia jua.

Watu wa kale katika mataifa mengi waliihesabu kuwa nyota mbili, wakaipa majina mawili, na sisi wenyewe hadi leo husema nyota ya jioni na nyota ya alfajiri kana kwamba ni ndugu wawili wasiosalimiana. Wanafalaki wakapima, wakathibitisha kwamba ni sayari moja tu, ambayo njia yake imo ndani ya njia ya ardhi yetu, na kwa sababu hiyo haiwezi kuliacha jua mbali: ama ilifuate kwenye machweo, ama ilitangulie kwenye mapambazuko. Majina ni mawili. Dhati ni moja.

Basi jihadharini, ndugu zangu, msijidhanie kuwa watu wawili. Yule aliyesimama safu ya mbele alfajiri, machozi yakimlengalenga, ndiye huyo huyo aliyesimama jioni sokoni akiapa kwa jina la Mola wake juu ya bei ya uongo. Yule anayewasomea watoto dua kabla hawajalala ndiye aliyemnyima mtumishi wake mshahara wa miezi miwili. Walimwengu humwita asubuhi kwa jina moja na jioni kwa jina jingine, lakini daftari lililofunguliwa kwa ajili yake ni moja, na halina ukurasa wa alfajiri uliotengwa na wa magharibi.

Mnakumbuka jioni ya Ijumaa, tarehe 24 Machi 2023, tulipokuwa mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 1444. Mwezi mchanga ulikaribiana mno na Zuhura, mwezi juu, sayari chini yake, na watu wenye tende mkononi wakasahau kufuturu wakainua simu, ilhali kuharakisha futari ni sunna! Kijana mmoja akaniuliza kwa nini mwezi wa mbinguni umelala chali kama mtumbwi, na ule wa juu ya mnara wa msikiti umesimama kwa ubavu. Nikamwambia, huku kwetu karibu na ikweta ndivyo unavyolala. Waliouchora ule wa mnara waliutazama kutoka nchi za mbali na hapa.

Na juu ya mwandamo, siingii katika hitilafu ya wanaofuata mwezi ulioonekana nchini na wanaofuata habari ya mbali. Nasema tu msikatiane salamu kwa ajili yake. Ninalotaka mlitafakari ni jinsi shahidi anavyohojiwa: umeuona wapi, saa ngapi, pembe zake zilielekea upande gani, nani alikuwa nawe? Ikiwa jicho lahojiwa hivyo kwa uzi mwembamba wa nuru, basi ulimi utahojiwaje juu ya mali ya yatima?

Umri, ndugu zangu, ni mfupi kuliko hesabu za falaki. Zuhura hukamilisha zamu zake tano za jioni na alfajiri katika miaka 8, kisha huanza upya karibu mahali pale pale, tarehe zikipishana siku mbili tatu. Mwenye miaka 64 amepewa duru nane tu, na wengi tuliowazika hawakuifikia ya sita. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 jua lilichomoza kwetu likiwa na nukta nyeusi usoni. Ilikuwa Zuhura ikipita katikati yetu na jua, na kabla ya saa mbili ilikwisha kutoka. Ilipita hivyo mwaka 2004 pia. Itakayofuata ni Desemba 2117. Mtoto anayenyonya sasa hivi nyuma ya pazia la kina mama, akiruzukiwa umri, atakuwa amevuka miaka 90. Sisi wengine tutakuwa tumekwisha kuhojiwa zamani.

Nami sisemi haya kwa kujitoa miongoni mwenu. Zamani, nguvu zikiwepo, nilikuwa nikinunua vitunguu Mang'ola. Mnaijua lumbesa, na sheria imeikataza, lakini mnaijua. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kofia ya wavu, vitunguu vikapandishwa juu yake na kushonwa kwa kamba, mpaka gunia likawa kama mtu aliyebeba mtu. Na mkulima hulipwa gunia moja. Nilikuwa nikiswali alfajiri pale pale kando ya mfereji, Zuhura ikiwa juu, kisha nikikunja mkeka nashika sindano ya kushonea. Mama mmoja mjane, asiyekuwa wa dini yetu, na haki yake haikupungua hata chembe kwa hilo, alinitazama nikipandisha ile kofia, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo pana debe zima. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo desturi ya soko.

Tukiisoma sura inayowaonya wapunjao katika vipimo, nikawa namwona yeye. Miaka ikapita nikisema nitakwenda, nitakwenda. Nilipokwenda, nikiwa nimefunga fedha kwenye leso, nilioneshwa kaburi nyuma ya migomba, na mwanawe akatoka nje kunipokea. Nikamweleza. Akazipokea zile fedha, akazihesabu mara mbili mbele yangu, kama ilivyo haki yake, kisha akaniambia kwamba mama yake alikuwa akilitaja lile gunia mpaka mwaka aliofariki.