Jina Lako Nani?

Mapema mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi nchini Kenya, mtu aliyekimbia Burnt Forest, leo katika eneo bunge la Ainabkoi, kuelekea Eldoret angeweza kukutana na swali moja mara mbili kwa siku. Vijana waliofunga barabara kwa mawe na magogo walidai kitambulisho, wasome jina, walijue kabila. Akinusurika na kufika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, ambako maelfu walilala katika mahema, karani naye alimuuliza: jina lako nani, umetoka wapi?

Lango la hifadhi linatofautianaje, basi, na kizuizi cha barabarani? Wengi watasema ni nia. Jibu hilo halinitoshi. Anayeulizwa haoni nia. Anaona mkono unaongoja kitambulisho. Kwangu mimi tofauti iko katika kile ambacho jina linaruhusiwa kuamua. Kizuizini, jina huamua nani apite. Likiamua hivyo hata langoni, hifadhi imekuwa kizuizi chenye blanketi.

Mwanafalsafa Jacques Derrida alijiuliza kama ukarimu huanza kwa kumuuliza mgeni jina, au kwa kumpokea kabla ya swali. Sisi tuna hodi. Abishaye hodi huomba kwanza. Habari za ukoo na atokako huja akishaketi.

Hata hivyo siwezi kutetea mlango usio na mlinzi. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliojificha katika kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Hatari nyingine ililala ndani ya kambi zenyewe: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipokea ushahidi wa ukatili wa kingono hata huko. Kwa hiyo panga libaki nje, wanawake wapate vyoo vyao vyenye taa, na anayepiga wenzake atolewe. Kanuni hizo naziunga mkono kwa moyo wote, maana zinamtazama mtu kwa anachobeba na anachotenda. Panga huweza kuachwa langoni. Kabila haliachiki.

Mlevi ananisumbua zaidi. Chupa atanyang'anywa, sawa. Lakini Ainabkoi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kumrudisha mtu kwenye baridi ile usiku ni hukumu isiyolingana na kosa. Atengewe kona yenye mlinzi.

Kuna pia ambao hawakufika lango lolote. Katika watu zaidi ya 600,000 waliohamishwa nchini, karibu nusu walihifadhiwa na jamaa na marafiki. Misaada ilifuata orodha za kambi, nao wakangoja miaka. Aliyelala jikoni kwa dada yake alikuwa amechomewa nyumba kama jirani aliyelala hemani. Alichokosa ni karani wa kumuuliza jina.