MITARO YA MJI NA HAKI YA JIRANI



Kila inyeshapo mvua kubwa hapa Mombasa, na maji yakaingia majumbani na madukani kama yalivyoingia Novemba 2023, wengi wetu husema, "Ni kudura ya Mungu," kisha hunyamaza. Kwamba mvua ni kudura Yake Mola, hilo halina shaka, nayo ni rehema. Lakini taka zilizoziba mtaro, je, nazo ziliteremka kutoka mbinguni? Mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga, kwa kuwa amemtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Basi na sisi tuzibue mitaro, kisha tuombe dua.

Na tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Kisiwa chetu ni cha matumbawe, na ardhi iliyoachwa wazi hunywa maji. Leo nyua tumezitia saruji na njia zimetiwa lami, maji hayana pa kuingia. Paa la mita 100 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Hayo ni ya nyumba moja tu. Hesabu mtaa mzima, kisha utazame mtaro mmoja mwembamba uliojaa mchanga, makumbi ya nazi na chupa za plastiki. Tena mitaro inayoishia baharini ina shida yake: mvua ikikutana na maji kujaa ya bamvua, bahari huuzuia mdomo wa mtaro, na maji hurudi mjini.

Wako wanaofanya baya kuliko hilo. Mmoja amejenga kibanda juu ya mtaro, na mwingine ameunganisha bomba la choo chake na mtaro wa mvua. Mvua ikija, jirani yake aliye bondeni huingiliwa na najisi mpaka penye msala wake, na watoto wake wakakabiliwa na kipindupindu. Naye aliyefanya hayo atawadha vizuri, aenda akasimama safu ya mbele! Kuondoa udhia njiani Mtume (S.A.W.) amekuhesabu katika matawi ya imani, basi kuutia udhia nyumbani kwa mtu tukuhesabu katika nini?

Twajua mfano aliotupigia wa watu wa jahazi: waliokuwa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji, wasiwasumbue walio juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiliwa, wataokoka wote. Mtaro ndio ubao wa jahazi letu. Anayeuziba hasemi uongo akisema, "Ni mbele ya mlango wangu," lakini maji hayajui mlango wa nani. Na sisi tunaomtazama tukanyamaza kwa kumstahi, tu washirika wake.

Itasemwa kuwa hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua mijini. Basi tuidai haki hiyo kwa adabu na bila kuchoka, na tuidai kabla ya masika na kabla ya vuli, si baada ya watu kulala juu ya meza. Lakini kudai haki hakumwondolei mtu wajibu wake. Kila mwenye nyumba na azibue mtaro wa mbele yake, na mchanga aliouzoa auchukue, asiurundike ukingoni ukarudi kwa mvua ya kwanza. Mwenye uwezo na aweke tangi la kukinga maji ya paa, na mwenye uwa aache sehemu ya udongo. Na maimamu wetu walitaje jambo hili juu ya mimbari, kwani ni haki ya jirani, na haki ya jirani ni dini.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya manufaa, na atuepushe tusiwe sisi ndio madhara yake. Amin.