Yakini ya Moyo Si Ushahidi



Mtu akifanya jambo kwa yakini ya moyo wake, wala hakukusudia ubaya, kisha likaleta madhara, je, ana lawama? Wengi hupenda kusikia kuwa hana. Hebu tulipime swali hili kwa mkasa mmoja wa ndege, maana humo twaona wazi jambo ambalo katika mikasa yetu ya kila siku hujificha.

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, huko Marekani, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa yule rais aliyeuawa mwaka 1963, alirusha ndege yake ndogo ya injini moja kutoka New Jersey kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Alikuwa amewachukua mkewe na shemeji yake. Waliondoka saa 2:38 usiku. Baada ya saa moja hivi ndege ilitumbukia baharini karibu na kisiwa, na wote watatu wakafa. Taarifa ya wachunguzi wa serikali ilitoka mwaka 2000. Hawakuona hitilafu katika injini wala mitambo. Walisema kuwa rubani alishindwa kuimiliki ndege alipokuwa akiteremka juu ya maji, kwa kuwa mwili wake ulipotewa na mwelekeo katika giza na ukungu.

Mwili hupotewaje? Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hutikisa vinyweleo vidogo, nasi tukajua kuwa tumegeuka. Lakini ndege ikigeuka polepole, tena kwa namna moja bila kubadilika, haupiti muda mrefu majimaji hutulia, na sikio likaleta habari kuwa twakwenda sawa. Hapo rubani akiinyosha ndege, sikio humwambia kuwa sasa ndiyo imelalia upande wa pili! Basi huirudisha pale pale penye kosa, naye ameridhika kabisa. Mchana jicho hulisuta sikio kwa kuuona upeo wa macho. Usiku ule, mbingu na bahari vilikuwa kitu kimoja, na shahidi pekee aliyebaki ni vile vipimo vilivyo mbele ya rubani.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vipimo, wakawazuia wasione nje. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege, na kwa wastani ilikuwa sekunde 178, hata dakika 3 hazikutimia. Wala hapana mmoja wao aliyekuwa mwongo. Kila mtu aliisadiki nafsi yake.

Kwa hiyo kule angani, sikio lilipokwisha kusema uongo, mimi simwoni mtu huyu na lawama. Lakini mkasa huu una nusu yake ya ardhini. Kennedy alikuwa bado akijifunza kuruka kwa vipimo. Katika masomo 25 alikuwa amemaliza 12. Mmoja katika walimu wake alijitolea kufuatana naye usiku ule, naye akajibu kuwa anataka kwenda peke yake.

Tusimzulie maiti. Alikuwa na leseni, amekwisha kuruka saa 300 na zaidi, na sheria ya nchi yake haikumkataza safari ile. Mtu aweza kuuliza: Atakiwe nini zaidi? Jawabu langu ni kuwa kutaka kwenda peke yako ni haki yako ukiwa peke yako kweli. Mle ndani mlikuwa na roho mbili nyingine, nazo zilikuwa amana. Katika hatari ya nafsi yako pengine utatosheka na rai yako. Katika amana ya watu sharti utafute shahidi asiyekuwa wewe. Kadhi, hata awe mcha Mungu namna gani, hahukumu kwa kuwa moyo wake umetulia. Hutaka mashahidi. Na neno hili rubani tulikuwa nalo vyomboni kabla ya ndege kuzuliwa: naye rubani wa jahazi, hata akiijua bandari kama nyumba yake, hushusha bildi kupima kina.

Watu husema, muulize moyo wako. Ni kweli, lakini uulizwe ungali chini, mwalimu yupo kando yako, na safari yaweza kuahirishwa. Tena usiulizwe, “Je, naweza?” kwani moyo hujibu ndiyo upesi sana. Uulizwe, “Nikikosea, nitajuaje?”

Dereva wa basi la usiku naye huapa kuwa yu macho. Abiria waliolala nyuma yake hawana njia ya kumhakikisha. Utingo anayo, basi na aulizwe yeye.