Je, Wajibu na Raha Husafiri Pamoja?

Liko swali ambalo walimu wenzetu hulizusha kila ukaribiapo mwisho wa mwaka, wakati harusi zinapokuwa nyingi, nalo twaona linastahili kujadiliwa katika kurasa hizi. Familia inapojiandaa kuoa au kuoza, ni desturi kufunga safari kwenda kuwaona jamaa walio mbali kabla ya siku yenyewe. Safari hiyo aghalabu huwa ya mwisho wa juma. Watu hupanda gari, husimama njiani wakala, hucheka, hulala ugenini, na Jumapili jioni hurudi wamestarehe. Je, hapo wametimiza wajibu au wamejiburudisha tu? Na ikiwa wamejiburudisha, je, wajibu umeharibika?

Wako wanaoshikilia kwamba mambo hayo mawili hayachanganyiki. Wajibu, wasema, ni mzigo. Ukimwona mtu anaubeba huku anapiga mluzi, basi ujue amekwisha kuupunguza njiani. Kwa rai yao, mtu aende kwa mzee, atoe habari, akabidhi kadi, apokee baraka, arudi zake. Raha aitafute siku nyingine. Wako pia, na hawa wazidi kuongezeka, wasemao kwamba hata hiyo safari haina haja. Tangu mwaka 2009, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu katika Uganda, mchango hufika kabla mtoaji hajafunga mlango wa nyumba yake, na kadi za mwaliko nazo sasa hupita katika simu hiyo hiyo. Basi petroli ya nini?

Makundi haya mawili, ingawa yaonekana kushindana, yamekubaliana katika jambo moja kubwa: kwamba shabaha ya ziara ni habari. Wa kwanza wataka habari ipelekwe kwa miguu, wa pili wataka ipelekwe kwa simu. Sisi hatukubaliani nao wote.

Kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha, na tuanze na lugha. Kitenzi cha kutembea, kikiingia katika kauli ya kutendea, huwa kutembelea. Mwendo ni ule ule, vumbi ni lile lile, lakini sasa mwendo umepata mwenyewe. Watembea kwa ajili ya mtu. Tena tulinganishe na kuarifu. Kuarifu hukamilika mara habari inapopokelewa. Ukisha kuarifu, umesha. Kutembelea hakuna dakika ambayo mtu aweza kuinyoshea kidole akasema, hapa ndipo ilipotimia. Ndugu zetu Waganda nao, hatua ile ambayo mchumba huenda kuonana na jamaa wa msichana kabla ya sherehe ya utambulisho, yaani kwanjula, huiita kukyala. Maana yake ni kuzuru, basi. Hawakuiita kutoa taarifa.

Neno la tatu ni kupumzika. Tunalisema kila siku bila kukumbuka kwamba ndani yake mna pumzi. Mwenye kupumzika si mvivu. Ni mtu aliyepata pumzi zake. Na mtu anayehema hawezi kumsikiliza mwenziwe, kwa sababu masikio yake yamejaa moyo wake mwenyewe. Hapa ndipo hoja yetu inapoanzia.

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 tulisafiri kutoka Kampala kwenda kijiji kimoja nje ya Masaka, mwendo wa kilomita zipatazo 130. Tulikuwa watano garini, pamoja na binti wa kaka yetu na mchumba wake. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi yetu mkubwa, mwanamke anayekaribia miaka 80. Wanaoijua Buganda wanajua kwamba shughuli ya kuoza haisimami bila shangazi, anayeitwa senga kwa Kiganda: ndiye mlezi wa msichana katika mambo ya unyumba, na ndiye anayemwongoza bwana arusi mbele ya wazee siku ya utambulisho. Shangazi huyu alikuwa amekwisha kupashwa habari. Kamati ya harusi ilimpigia simu, ikamweleza tarehe na mahali, ikamtajia kwamba mchumba ni mtu wa Tanzania asemaye Kiswahili. Akajibu kwamba hatakuja, akakata simu. Kamati ikaandika katika daftari yake kwamba shangazi amearifiwa.

Njiani hatukuwa na haraka. Tulisimama Mpambire, karibu na Mpigi, ambako ngoma hutengenezwa na kupangwa kando ya barabara, kubwa kwa ndogo, kama familia iliyojipanga kupigwa picha. Tulisimama Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata njia, na vijana wetu wakasimama mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, kama wafanyavyo wote. Tulipita bwawa la Lwera na samaki wake walioning'inizwa, tukala ndizi za kuchoma Lukaya. Mjumbe mmoja wa kamati alitupigia simu mara tatu kuuliza kama tumefika. Tulifika alasiri.

Shangazi alitupokea kwa heshima zote, akazungumza na kila mmoja wetu isipokuwa yule kijana. Hatukuitaja harusi. Mchumba, asiyekijua Kiganda ila maneno machache, aliketi penye ungo wa karanga za mchuzi akaanza kumenya, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba hayaivi kwa amri ya mtu, hivyo tulikuwa na muda. Giza lilipoingia, shangazi akatuuliza sisi, si yeye: "Huyu kwao hasa ni wapi?" Tukamjibu, Kyaka. Akanyamaza kidogo. Jina hilo alilijua.

Kijana, kwa tafsiri yetu, akaeleza kwamba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, nyanya yake alikimbilia ng'ambo ya mto na mtoto mgongoni. Ndipo shangazi naye akasimulia ya Februari 1979, vita vilipogeuka na mji wa Masaka ukabomolewa. Na kabla ya hapo, miaka ya vizuizi vya barabarani. "Wanangu," alisema, "Kiswahili ninachokijua mimi ni cha kuamrishwa tu. Simama. Leta kitambulisho. Lala chini." Yule kijana akaondoka kitini, akainama, akamwamkia: "Shikamoo, shangazi." Akataka kujua maana yake. Tukamweleza kwamba wengi huifasiri kuwa nashika miguu yako. Mzee akacheka mpaka akajifuta macho: "Yaani lugha iliyokuwa ikiniambia lala chini, leo yanishika miguu?"

Wasomaji walimu wataelewa kwa nini hatukulala mapema usiku ule. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na sisi sote tumelishangilia jambo hilo. Lakini hakuna waraka uwezao kumfikia mtu aliyejifunza lugha akiwa amelala kifudifudi barabarani. Huyo hufikiwa na mtu, tena mtu mwenye nafasi. (Na tukumbuke, kwa kupita tu, kwamba darasani pia simama na nyamaza huja mapema sana, huku shikamoo ikifundishwa kama msamiati wa mtihani.)

Sasa turudi katika swali. Mazungumzo yale yalitokea saa ya tano au ya sita tangu tufike. Hakuna aliyeyapanga. Laiti tungefika kwa mtindo wa wale wanaotenga wajibu na raha, tungaliketi nusu saa, tukakabidhi kadi, tukaondoka na jibu lile lile la simu. Uvivu wetu wa Lukaya na wa Kayabwe haukuwa kando ya wajibu. Ndio uliotufikisha tukiwa watu wenye pumzi, wasiotazama saa. Na mwenyeji, hasa mzee, huiona saa machoni mwa mgeni hata kama imefichwa katika mkono wa kanzu.

Mtu aweza kutupinga hivi: kumbe raha yenu ilikuwa hila, mlikwenda kumlainisha mzee kwa karanga na vicheko. Pingamizi hili ni zito, wala hatupendi kulipuuza. Jibu letu ni kwamba hila ina kikomo chake. Aliyekuja kulainisha huondoka mara kinapolainika, na hukasirika kisipolainika. Shangazi hakutuahidi kwamba atakuja. Alisema ataitazama hali ya miguu yake. Tulilala, asubuhi tukala viporo, tukakaa mpaka mchana, na hakuna aliyeona safari imepotea. Kipimo cha ziara, kwa maoni yetu, ni hicho: kwamba ingefaa hata jibu lingalikuwa la.

Kwa kipimo hicho hicho hatuwezi kuiita ziara ile safari ya kupeleka kadi za michango, ambayo siku hizi imevaa nguo zake. Kuchangiana ni jambo jema, na kuomba si aibu. Lakini jamaa aliyekaa miaka akiwatazamia watu, kisha akawaona wakishuka garini na bahasha, ameshajibiwa swali lake kabla hajawakaribisha. Mwenye kutaka mchango na aseme kwa simu, kwa uwazi. Simu ni chombo kizuri sana cha kuombea fedha.

Wabakia wale ambao hawana gari, wala ruhusa kazini, wala nauli ya watu watano. Muuguzi wa zamu za usiku atazuru lini? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusije tukaigeuza fadhila kuwa mali ya wenye nafasi. Wazee wenyewe, tunavyoona, ni wapole zaidi kuliko sisi tunaowasemea. Mwezi wa Mei 2023 mto Katonga ulipofurika ukaharibu barabara kuu ya Masaka, magari yakalazimika kuzunguka mbali kupitia Gomba, safari nyingi za namna hii ziliahirishwa, na hatukusikia mzee aliyewalaumu jamaa zake, walilaumu mto. Mzee hutofautisha asiyeweza na asiyetaka, hata sauti ikija kwa waya. Na yule afikaye kwa basi Jumamosi jioni, akalala, akaondoka alfajiri kuwahi kazi, huyo amezuru. Amekula nao, amelala chini ya paa lao, na wamemwona uso wake asubuhi kabla hajanawa.