Ahadi ya Anayesubirishwa

Kila mwaka vyuo vya sheria vya Marekani huwapa baadhi ya waombaji jibu lisilo ndiyo wala hapana: huwaweka kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hiyo huanza kusogea waliokubaliwa wakishalipia nafasi zao, kwa kawaida Aprili au Mei, na huweza kusogea hadi Agosti, masomo yakiwa mlangoni. Katika miezi hiyo mwombaji hushauriwa alipie nafasi katika chuo kilichomkubali, na kile kilichomsubirisha akiandikie kwamba bado anakitaka. Ni ushauri mzuri. Lakini barua hiyo mara nyingi hubeba sentensi moja nzito: "Mkinikubali, nitakuja." Nashikilia kwamba hakuna mwenye haki ya kuviandikia vyuo viwili maneno hayo kwa wakati mmoja, hata kama hatagundulika kamwe.

Sentensi hiyo ina nguvu kwa sababu inaaminiwa. Orodha nyingi hazina namba ya foleni. Chuo huangalia alama ya kati ya LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria wenye alama za 120 hadi 180, kwa kuwa takwimu hizo hutangazwa na kuhesabiwa katika kupanga vyuo kwa ubora. Kisha huangalia nani atakuja kweli. Nafasi moja ikibaki wazi mwezi wa Julai, ofisi ya udahili haitaki kupiga simu kumi. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785, alitoa mfano wa mtu anayekopa huku akiahidi kulipa, ilhali anajua hatalipa. Wote wakifanya hivyo, ahadi haitamfaa tena mkopaji yeyote. Mwombaji mwenye barua tatu zinazofanana yuko hapo hapo: anakula akiba ya uaminifu iliyowekwa na wenzake. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na deni moja halikopeshwi kwa wadai watatu.

Atasema mtu kwamba vyuo vyenyewe havijifungi kwa lolote, huwaning'iniza watu miezi mitatu bila gharama, basi mnyonge naye ajitetee. Malalamiko hayo yana haki, nami naona kumsubirisha kijana hadi wiki ya kupanga chumba ni ukatili. Hata hivyo chuo kilisema "labda", na "labda" hiyo ilikuwa kweli. Isitoshe, anayeumia kwa uongo si chuo, kitakachojaza nafasi yake kwa vyovyote; ni mwombaji mwingine aliyeandika ukweli wake wenye masharti, akapitwa.

Je, kulipia nafasi kwingine huku ukisubiri si ndimi mbili? Sivyo, mradi masharti ya chuo yanaruhusu. Malipo hayo ni bei ya mashaka ambayo pande zote mbili zinayajua, na anayeondoka huyapoteza malipo hayo. Na hofu kwamba hali inaweza kubadilika, hasa ufadhili, haihitaji uongo. Inatosha kuandika: "Ninyi ndio chaguo langu la kwanza, ila uamuzi wangu utategemea msaada wa ada." Barua hiyo ni dhaifu kidogo, nakubali. Lakini mwandishi wake anataka kuwa wakili, na Marekani humchunguza tabia kabla ya kumruhusu kufanya kazi hiyo. Akiitwa na chuo alichokitamani, anapaswa kukiarifu siku hiyo hiyo kile alichokilipia, kwa maana nacho kina orodha yake, na katika orodha hiyo yupo mtu anayeitazama simu.