Kwa Mwendo wa Watoto
Somo: Mwanzo 33:12–17



Wengi wenu mmeniuliza habari za safari yetu ya baiskeli ya mwezi wa Julai, nami nimekuwa nikijibu kwa ufupi kwamba tulifika salama. Ni kweli tulifika. Lakini siku ya kwanza ya safari ile ina jambo ambalo sikulisema mimbarini, na yafaa niliseme hapa.

Tulikuwa watu 14 wa mtaa wetu, wake kwa waume, tukienda kuwasalimu Wakristo wa Mpwapwa. Kutoka Dodoma ni yapata kilometa 120. Tuliipenda njia ile kwa sababu Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na huko wamisionari wa CMS walijenga katika miaka ya 1870. Basi nasi tukaiga desturi ya misafara: mbele tukaweka kirangozi, wa kuongoza na kupima mwendo, na nyuma kabisa kijana mmoja mwenye pampu, viraka na solusheni. Tuliomba, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Buigiri tukanywa chai kwa furaha nyingi.

Baada ya Buigiri upepo ukaanza. Mwenyeji wa Dodoma hahitaji kuelezwa upepo wa kiangazi utokao mashariki. Nasi mashariki ndiko tulikokuwa tukielekea. Mwenda kwa miguu huuona kuwa ni vumbi tu, bali mpanda baiskeli huuona kama mtu amsukumaye kifuani. Waendesha baiskeli wana dawa yake. Mmoja hutangulia akaukata upepo, na wenzake humfuata karibu karibu, gurudumu nyuma ya gurudumu. Akichoka hupisha pembeni, mwingine akashika zamu. Katika mashindano, ambako mwendo ni mkali, anayefuata nyuma aweza kuokoa karibu robo ya nguvu zake, hata theluthi. Kwetu sisi, wenye baiskeli nzito za Kichina na mizigo kwenye kerieli, nafuu ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, na jioni miguu huijua. Ila nafuu hiyo ni ya yule aliye karibu. Ukiachwa hatua ishirini tu, upepo wote ni wako peke yako.

Zamu yangu ya ukirangozi ilinifikia kabla ya Mbande. Nilijisikia mwenye nguvu. Nitasema kweli: nilitaka tufike Mbande mapema ili watu waseme kwamba mchungaji bado ana miguu. Nikakaza. Nilisikia minyororo nyuma yangu, nikadhani wote wapo. Zamu ilipokwisha sikupisha.

Mbande nikageuka, nikahesabu watu 12.

Tulikaa kivulini tukingoja. Nusu saa ya kwanza, ndugu zangu, sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na hasira. Nilihesabu dakika walizotupotezea, nikawaza mbuzi ambaye wenyeji wetu wa Mpwapwa walikuwa wanamchinja wakati ule ule. Saa nzima ilipopita ndipo nikarudi pamoja na vijana wawili. Tuliwakuta chini ya mbuyu: yule kijana wa nyuma, na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Alikuwa amepata pancha mara mbili, viraka vimekwisha, maji yamekwisha, naye amelala akishika kichwa kwa kizunguzungu. Kijana alikuwa na nguvu za kutufuata atuite, lakini hakukubali kumwacha mgonjwa peke yake porini.

Tulimpa maji kidogo kidogo hata akaweza kuketi. Nikamwambia, "Mama, mbona hukuita?"

Akaniambia, "Baba mchungaji, niliita sana. Upepo ulikuwa unanirudishia jina lako mdomoni."

Neno lile limekaa nami tangu siku hiyo. Aliye mbele, uso wake upeponi, hamsikii aliye nyuma, kwa maana upepo ule ule anaopigana nao ndio uichukuao sauti ya mwenzake na kuipeleka mbali. Hata kama ana masikio mazuri hatasikia. Hana budi kugeuka.

Usiku ule nilisoma habari za Yakobo na Esau. Esau anamwendea nduguye na watu 400, watu wazima wenye mwendo, naye kwa wema wake anasema twende pamoja. Yakobo anamjibu kwamba watoto ni wachanga, na wanyama wananyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto. (Hatuwezi kuficha kwamba Yakobo aliahidi kumfuata Esau mpaka Seiri, kisha akageukia Sukothi. Hakuwa amekwisha ponywa ujanja wake. Lakini neno lake juu ya watoto lilikuwa la kweli.) Wala tusisahau kwamba siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa akichechemea, kwa ajili ya mapambano ya usiku kule Yaboki. Labda asingalichechemea, naye angalikwenda kwa mwendo wa wale 400.

Katika mtaa wetu twasoma kanisani majina ya waliotoa michango. Ambao hawakutoa hatuwasomi, na wengine wao siku hizi hatuwaoni. Tumesema wamelegea. Je, kuna aliyerudi kuwatazama? Yuko mjane mmoja, hana hata nauli ya kuja ibadani, nasi tulimwandikia barua ya ukumbusho wa ahadi yake. Niliitia sahihi mimi.

Najua mtaniuliza: na mvivu je, tumsukume yeye naye? Paulo aliliona swali hilo katika Wagalatia 6. Katika aya ya 2 ataka tuchukuliane mizigo, na katika aya ya 5 asema kila mtu ana furushi lake. Watafsiri wa Biblia yetu walifanya vema kutumia maneno mawili. Pedali za yule mama hakuna aliyeweza kumkanyagia. Hilo lilikuwa furushi lake, naye hakulikataa. Upepo ndio uliokuwa mzigo, na huo tungaliweza kumchukulia.

Tulitia tyubu mpya, tukampanga wa pili, nyuma ya kijana mwenye mgongo mpana kuliko wote. Kila alipopungua, kijana alisikia, naye akapungua. Hatukufika Mpwapwa siku hiyo. Tulilala Kongwa, nami nikapiga simu kuwaomba radhi wenyeji, mbuzi akiwa amekwisha iva.

Kesho yake tuliingia Mpwapwa sote 14, kirangozi akiwa yule mama, kwa mwendo wake. Wenyeji walitupokea kwa nyimbo, wakatupashia moto nyama ya jana.