Kunakili na Deni: Maadili ya Kujifunza Uchoraji wa Sura

Je, mwanafunzi wa uchoraji wa rangi za mafuta anayenakili picha ya bingwa anajifunza au anaiba? Swali hili si geni kwa mhakiki wa fasihi.

Mnamo 1639 picha ya Baldassare Castiglione, iliyochorwa na Raphael, ilinadiwa mjini Amsterdam. Rembrandt aliichora upesi kwa kalamu. Mwaka uliofuata alijichora mwenyewe kwa rangi za mafuta katika mkao unaoikumbusha picha ile. Hakuchukua uso wa Castiglione, bali maamuzi ya Raphael: mwili ugeuzwe kiasi gani, macho yamkabili nani. Anayenakili hulazimika kuyafuata maamuzi hayo kwa mkono, na hapo ndipo huzigundua sababu ambazo aghalabu jicho pekee halizioni.

Ubaya, basi, haumo katika mfanano bali katika kuificha asili. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, huwaruhusu wanakili kwa sharti kwamba nakala isilingane na asili kwa ukubwa, wala isibebe saini ya bingwa. Vivyo hivyo, mtunzi wa takhmisa huongeza mishororo yake kwenye ile ya mtangulizi, na deni likabaki wazi katika kila ubeti.

Hata hivyo, kukiri deni si kulilipa. Hulipwa siku mwanafunzi anapomkabili mtu aliye hai, ambaye hakuna bingwa aliyekwisha kuamua namna ya kumtazama.